Posa ya Noti ya Saba

Usiku wa jana niliota kwamba noti ya muziki aitwaye Fa aliingia chumba cha mazoezi ya kwaya, akakaa kwenye kiti cha mstari wa tatu, akaniomba niwe mshenga wake.

Natanguliza kusema kwamba siamini ndoto. Ndoto ni ubongo ukifagia takataka za mchana, na mchana wa jana nilishinda nikisoma historia ya muziki wa kale wa Ulaya, tangu watawa walioimba kwa sauti moja hadi mabwana waliovaa nywele za bandia. Naeleza yaliyotokea kwa sababu moja tu: yalitokea kwa mpangilio.

Fa ni mraba. Ni mweusi, hana mguu, upana wake ni kama sinia la chai. Ana umri wa karne kumi hivi, lakini ndiye anayenipa shikamoo, kwa kuwa ndiye aliyekuja na shida.

“Shikamoo, Mwalimu Ombeni.”

“Marahaba. Nikusaidie nini?”

“Nataka kuoa.”

Ananieleza kwamba kuna binti anayeishi juu yake, hatua tatu kamili, mtaa mmoja. Wanasikiana kila siku kupitia dari. Hawajawahi kusimama pamoja, kwa sababu wazee wa mtaa wameamua kwamba umbali wa hatua tatu kamili ni wa shetani.

“Walifikiaje uamuzi huo?”

“Waliusikia mara moja, wakaumwa masikio.”

Nilikiri kwamba huo ndio utaratibu wa kamati nyingi.

“Leo wameanza kuimba Amina,” Fa akaendelea. “Ikifika mwisho, Bwana Kwangua atapanda kwa yule binti na kisu chake. Atamteremsha nusu hatua.”

“Na akishateremshwa?”

“Atakuwa mpole. Nitaruhusiwa kusimama naye hata mbele ya askofu. Lakini hatakuwa yeye, Mwalimu.”

Katika maisha ya macho nimekuwa mshenga mara sita. Nilichukua koti langu, nikaandika barua ya posa, nikaifunga katika leso nyeupe kama inavyotakiwa, tukatoka.

Nje ya mlango hapakuwa na uwanja wa kanisa letu. Palikuwa na monasteri ya mawe, na baridi. Ubao wa matangazo ulisema kwamba Amina ya leo ina silabi tatu na karne saba, na kwamba waumini wanaombwa wasikohoe.

Silabi ya kwanza ilikuwa ikiendelea. Kanuni ya nyumba inasema sauti moja, na watawa hawa ni watu wa kanuni: wako arobaini na wana koo moja. Limewekwa juu ya kigoda katikati ya ukumbi, limefunikwa kitambaa cha sufu. Kila mtawa husogea kwa zamu, hulitumia, hulifuta, humwachia mwenzake.

Nilijaribu kumsalimu bawabu. Mdomo ulifunguka, hakikutoka kitu.

“Wewe ni besi?” bawabu aliuliza.

Nilitikisa kichwa kukubali.

“Umewahi mno. Besi hajazaliwa. Ongea kwa sauti ya juu, au usubiri hapo kwenye benchi karne nne.”

Kuanzia hapo nilizungumza kwa sauti ya juu, kama mtu anayemwita kuku, jambo ambalo halimsaidii mshenga.

Mwenyekiti wa mtaa ni Mkono. Ni mkono wa kushoto, mkubwa kama ghala la mahindi, umeketi wima juu ya kiti cha enzi. Kila kiungo cha kila kidole kina mlango, dirisha na namba ya nyumba. Humo ndimo noti zinamoishi. Watawa hawaulizi noti iko wapi. Wanautazama Mkono tu.

“Karibu, mshenga,” Mkono ukasema. “Kaa kiganjani. Ila usinitekenye.”

Nilikaa bila kutekenya. Kando yangu alisimama katibu wa mtaa, ambaye ndiye Bwana Kwangua mwenyewe: mwembamba, mikono ya kanzu imejaa vumbi la ngozi za kuandikia, ameshika kisu kidogo cha kukwangulia makosa ya waandishi. Nilisafisha koo langu ambalo halikuwepo na kusema maneno yanayosemwa.

“Tumeona ua zuri katika bustani yenu, tumekuja kuomba ruhusa ya kulichuma.”

“Bustani yetu ina mistari minne,” Mkono ukajibu. “Ua liko juu ya mstari au katikati ya mistari?”

Nilitazama. “Katikati. Chini kidogo ya mstari wa juu.”

“Eneo hilo lina mgogoro.”

Bwana Kwangua alifungua leso, akaikunjua barua, akasoma kwa sauti: “Sisi upande wa Fa tunaleta posa kwa binti yenu, Ti.” Akaacha kusoma. “Kwa nani?”

“Kwa Ti.”

Mkono ulijihesabu. “Ut, Re, Mi, Fa, Sol, La.” Ulijihesabu tena kuanzia upande wa kidole cha mwisho. “Sita. Hatuna mkazi mwenye jina hilo.”

Hapo ndipo nilipotambua kosa langu. Katika kwaya yetu, kama kwaya nyingi za huku, tunasoma nyimbo kwa herufi: d, r, m, f, s, l, t. Nimeziandika ubaoni kwa miaka thelathini na moja, na nilipoandika barua niliweka jina hilo bila kuuliza karne. Binti wa juu alikuwa bado hajapewa jina. Alipohitajika kuimbwa, aliazima jina la jirani yake Mi, akalirudisha kabla ya chakula.

“Kwa hiyo,” Bwana Kwangua alisema taratibu, akiwa na furaha ya mtu aliyegundua kosa la mwenzake, “kuna mtu anaishi mtaani bila kuandikishwa. Mwenyekiti, nilikuwa nimepanga kumteremsha nusu hatua. Lakini asiye na jina hateremshwi. Nitamkwangua, biashara iishe.”

Dirisha la juu likafunguka. Binti alitoa kichwa.

“Mwalimu, umekuja kunichumbia au kunichongea?”

“Kuchumbia,” nikasema. “Hilo la pili limetokea tu.”

“Fa! Huyu mzee umemtoa wapi?”

“Kwenye kwaya,” Fa akajibu kutoka chini, kwa unyonge.

“Ndiyo maana.”

Nilipata nafasi ya kumtazama vizuri. Hawezi kusimama wima. Anaegemea juu wakati wote, bega limegusa sakafu ya jirani yake wa juu, Ut, ambaye sisi tunamwita Do. Yuko kama mtu aliyesikia anaitwa ghorofani. Fa naye, hatua tatu chini yake, anaegemea chini, miguu ambayo hana ikielekea kwenye paa la Mi.

Bwana Kwangua aliona ninachokiona. “Wapendanao huegemeana, Bwana Mshenga. Hawa, mmoja anavuta juu, mwingine anavuta chini. Umeleta posa au umeleta talaka?”

Hoja hiyo ilikuwa na nguvu, na ilinikera kwa sababu hiyo hiyo.

Mkono uliinua kidole gumba kuomba utulivu. “Mshenga anapewa muda mpaka mwisho wa Amina. Alete jina lililoandikwa mahali, na mashahidi wawili, na amjibu Bwana Kwangua kuhusu kuegemea. Akikosa kimoja, kisu kitapanda.”

“Mwenyekiti,” binti akasema kutoka dirishani, “na mimi sina la kusema?”

“Huna jina. Tutaandika nani amesema?”

Alifunga dirisha kwa kishindo kizuri sana. Wakati huo huo watawa walimaliza silabi ya kwanza, na kuta za monasteri zikaanza kurefuka.

Sasa tuko ndani ya kanisa kuu linalojengwa. Mkono umekuja pia. Unatembea kwa vidole, wakazi wake wakishikilia sufuria zisianguke. Bwana Kwangua anatembea pembeni akinoa kisu kwenye nguzo, kila nguzo mara mbili.

Hapa sauti si moja tena. Zimekuwa mbili, na sheria inasema ya pili iifuate ya kwanza kwa umbali wa noti tano, bila kupungua wala kuzidi. Kwa hiyo waimbaji wamefungwa wawili wawili kwenye fito za urefu huo. Akipanda mmoja, mwenzake anapanda. Akiinama, anainama. Niliona mmoja akienda msalani, na mwenzake akilazimika kuwa na haja.

Chini kabisa, kwenye msingi wa mnara, amesimama mzee aitwaye Anselmo. Amepakata noti kama mtu aliyepakata mbuzi. Juu yake, kwenye majukwaa ya mafundi, waimbaji wengine wanarukaruka kwa noti ndogondogo.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Samahani, siwezi kukupa mkono.”

“Umeshika nani?”

“Re. Nimemshika tangu kanisa hili likiwa shimo.” Alinyoosha midomo kuelekea juu. “Wale wanacheza. Mimi nashika. Nikimwachia, wote wanakuja chini, na hapa chini ndipo nilipo mimi.”

“Huchoki?”

“Kijana wangu, sijakaa kwa miaka themanini.”

Nina umri wa miaka sitini na tatu, lakini sikumsahihisha. Nilimweleza kwamba natafuta shahidi wa ndoa. Akamtikisa Re kidogo. Re akafungua jicho moja.

“Nani anaoa?”

“Fa,” nikasema.

“Anamwoa nani?”

“Yule wa juu asiye na jina.”

“Afadhali,” Re akasema, akalala tena. Niliandika kwamba shahidi wa kwanza amekubali.

Shahidi wa pili nilimwendea mwenyewe kidoleni kwake. Ni Mama Sol, jirani wa Fa wa mlango wa pili, mama mnene mwenye kicheko kinachofika kabla yake.

“Kusimamia nitasimamia,” alisema, “lakini si nikiwa nimebanwa katikati ya watu kama samli kwenye kopo. Harusi hii ni nzito. Mimi nataka kusimama chini kabisa, niwabebe wote.”

“Simama, basi.”

“Nisimame juu ya nani? Chini hakuna sauti. Tafuta besi, ndugu yangu.”

Nilimwambia besi ni mimi. Nilimwambia kwa ile sauti ya kuita kuku. Alicheka mpaka kidole kikatikisika na La akamwaga uji wake.

Tuliharakisha, kwa kuwa silabi ya pili ilikuwa imefika katikati. Kwenye mpaka wa karne palikuwa na lango na askari mwenye saa.

“Hapa watu wanapita kwa tatu,” akasema. “Tatu ni kamilifu. Mbili ni pungufu.”

“Nina miguu miwili.”

“Naona. Pungufu.”

Aliniazima fimbo iwe mguu wa tatu, nikapita. Nyuma yangu Mkono ulifika na vidole vitano.

“Tano hatujaijadili,” nikamsikia askari akisema. Wazee wa lango waliitwa, wakaketi. Kutoka kidoleni, binti wa juu aliwapigia makofi kila aliposimama mjumbe mpya kuchangia, na kila mara alikumbushwa kwamba hana jina la kupigia makofi. Mkono na wakazi wake walipitishwa baada ya miaka sitini. Bwana Kwangua alitumia muda huo kunoa.

Nilikuwa ukumbini tayari, ukumbi wenye mwanga na sakafu ya miraba myeupe na myeusi. Watu wanne walisimama dirishani. Nilimwendea mama wa kwanza.

“Samahani, ofisi ya kuandika majina iko wapi?”

“Nenda moja kwa moja,” akaanza, “kisha ukate kushoto.”

“Nenda moja kwa moja,” akadakia wa pili kabla wa kwanza hajakata kushoto, kwa sauti ya chini kidogo.

“Nenda moja kwa moja,” akaingia wa tatu.

Wa nne alipoingia na kwenda moja kwa moja, wa kwanza alikuwa ameshaanza habari za ugonjwa wa shangazi yake, na habari hizo nazo zikazunguka kwa utaratibu ule ule. Hakuna aliyemkatiza mwenzake. Wote walizungumza kwa pamoja na nilielewa kila neno, jambo ambalo sijawahi kulishuhudia katika mkutano wowote wa kwaya yetu. Nitakuwa mkweli: ilikuwa nzuri. Nilisimama pale kwa muda mrefu kuliko nilivyohitaji.

Nilipokata kushoto, mlango ulifunguliwa na mkunga mwenye aproni.

“Amezaliwa!” alipiga kelele. “Sauti ya nne! Ya chini kabisa! Mama yake mzima!”

Ukumbi ulilipuka kwa vigelegele. Papo hapo nilihisi sauti yangu ikishuka kutoka kooni hadi mahali pake, kama gunia linaloshushwa kwenye lori na watu wanaojua kazi.

“Hongereni,” nikasema, na vioo vya madirisha vikatetemeka.

“Heee!” Mama Sol akaita kutoka kidoleni. “Hiyo ndiyo! Simama hapo hapo, nakuja!” Akashuka, akanikalia mabegani. Hakuwa mzito kama nilivyodhani. Alikuwa mzito zaidi, lakini kwa namna inayofaa.

Ofisi ya majina ni karakana ya kuchapa vitabu. Mchapaji, mama aliyefunga kilemba, anapanga noti za risasi kwenye trei. Hainui macho.

“Jina?”

Binti ameshuka mwenyewe. Anaegemea juu hata akiwa kwenye foleni. Bwana Kwangua alitabasamu kidogo.

“Barua ya mshenga inasema Ti,” binti akasema. “Imekosewa kwa karne kadhaa. Lakini ndiyo barua pekee niliyowahi kuandikiwa. Andika Ti.”

Mchapaji akagonga. Ti akalitazama jina lake likiwa bado na wino mbichi, akalisoma mara tatu, kisha akalisoma kinyumenyume ili ahakikishe.

Vitabu vinasema kwamba noti hii ilipata jina baadaye na kwa njia nyingine, na kwamba wengi humwita Si. Sibishani na vitabu. Nasema tu nani alikuwepo.

Silabi ya mwisho ikaanza.

Ukumbi wa harusi umejaa. Mishumaa mia mbili, nywele za bandia, fidla za kila ukubwa. Ukuta mzima wa mbele ni kinanda cha mabomba. Njiani Fa ameviringika: si mraba tena, ni duara safi, na ameota mguu mmoja mrefu anaouonyesha kwa kila mtu. Mzee Anselmo ameletewa kiti. Alikitazama, akakigusa, akaketi, Re akiwa mapajani. Alilia polepole, bila kusumbua mtu.

Bwana Kwangua alipanda jukwaani na kisu kinachong'aa.

“Jina lipo,” akasema. “Mashahidi wapo. Naomba jibu langu.”

Niliwatazama bibi na bwana harusi. Ti juu, bega kwenye sakafu ya Do. Fa chini, kisigino kwenye paa la Mi. Kila mmoja anavutwa na upande wake, na kila mmoja ana aibu usoni kwa kuvutwa. Amina ilikuwa imebakiwa na pumzi moja. Kiongozi wa waimbaji alikuwa ameanza kuwa wa bluu.

Niliwatazama kwa muda mrefu kuliko inavyompasa mtu aliyesoma.

“Fa,” nikasema. “Panda.”

“Nipande wapi?”

“Mpite Ti. Nenda ukakae juu yake.”

“Mwalimu, mimi ni mtu wa chini. Nyumba yangu—”

“Panda, mwanangu. Pumzi inakwisha.”

Alipanda kwa mabomba ya kinanda, akirukaruka kwa mguu wake mpya, na kila bomba alilokanyaga lilitaja jina lake: Sol, La.

“Samahani,” alimwambia Ti alipofika kwake, “napita.”

“Pita tu. Nimekuzoea darini.”

Do, Re, Mi. Kisha Fa, yule yule, ila wa juu. Kila noti ina nyumba ya juu yenye jina lile lile. Hakuna aliyekuwa amemwambia anaruhusiwa kuitumia. Aliketi. Akaanza kuegemea chini, kwa sababu ndivyo alivyo, na hatabadilika. Chini yake Ti alikuwa akiegemea juu, kwa sababu ndivyo alivyo.

Walikutana uso kwa uso.

“Kumbe una macho,” Ti akasema. “Karne zote hizi nimeona utosi wako tu.”

Bwana Kwangua alitoa kipimo chake, akapima, akapima tena. “Umbali ni ule ule! Hatua tatu! Hamjabadilisha kitu!”

“Ni ule ule,” nilikubali. “Lakini hukuuliza kuhusu umbali. Uliuliza kuhusu kuegemea. Watazame.”

Alitazama. Ukumbi wote ulitazama. Kisha nikavuta pumzi, nikamwinua Mama Sol kwa sauti yangu yote ya chini; juu yetu akaimba Ti; juu yake, kutoka mapajani mwa mzee aliyeketi, akaimba Re, macho yote mawili wazi; na juu ya wote akaimba Fa.

Mishumaa haikuzimika. Shetani hakuja, pengine alikuwa amealikwa kwingine.

Ila hapakuwa na utulivu. Sauti ile ilining'inia ukumbini kama mguu uliokwisha kuinuliwa ukakosa ngazi. Wageni wote walijikuta wameinamia mbele. Bibi mmoja alishika mkono wa mume wake, kisha akagundua si mume wake, na hakuuachia. Bwana Kwangua alikuwa ameinua kisu, na kisu kilikuwa kimesimama hewani, na jasho lilikuwa likimtoka.

“Kwa nini mmesimama hapo?” aliuliza.

“Tunasubiri uamuzi,” nikasema, bila kuiacha Sol.

“Msisimame hapo!”

“Twende wapi?”

“Nyumbani! Nendeni nyumbani! Jamani, mtaniua!”

“Iandikwe,” Mkono ukasema, “kwamba pingamizi limeondolewa na mwenye pingamizi.”

Ti akapanda nusu hatua. Fa akashuka nusu hatua. Hawakuhitaji zaidi ya hapo. Mmoja aliingia mlango wa Do, mwingine mlango wa Mi, na tukaona wote kwa pamoja kwamba hiyo ilikuwa milango miwili ya nyumba moja. Mimi niliruka kutoka Sol hadi Do ya chini, kwa umri wangu, sikuumia popote.

Amina ikaisha.

Sijui nieleze vipi kilichofuata bila kuonekana nimetia chumvi. Fidla zilianza zenyewe. Mama Sol alicheza mpaka sakafu ikaomba radhi. Mzee Anselmo alisimama kucheza, akakumbuka kwamba anaruhusiwa kukaa, akakaa, akasimama tena, akafanya hivyo kwa hiari yake kwa muda wa saa nzima. Bwana Kwangua alikata keki kwa kisu chake, vipande vilivyo sawa kabisa, machozi yakimtiririka.

“Rudieni,” alisema kila alipomaliza kipande. “Pale mliposimama, halafu mkaenda nyumbani. Rudieni.”

Walirudia. Walirudia mara arobaini. Kwa ninavyosoma, Ulaya haikufanya kitu kingine kwa karne tatu zilizofuata.

Mkono ulitaka kupiga makofi, ukatafuta mwenzake, haukumpata, ukatumia mgongo wangu.

Niliamka saa kumi na mbili na robo. Nililala chali nikijieleza mambo kwa utaratibu: kitabu cha mchana, maharage ya jioni, dirisha lililoachwa wazi. Maelezo yalitosha. Niliridhika nayo, nikavaa kandambili.

Mlango wetu una kengele ya betri. Tangu tuinunue miaka minane iliyopita imekuwa ikitoa sauti mbili kwa pamoja, zenye kugombana, kisha inakatika hapo hapo, ikimwacha mgeni na mwenye nyumba katika wasiwasi mmoja. Wageni wengi wameamua kupiga hodi kwa mdomo. Ni Mama Sefiel wa maziwa peke yake anayeendelea kuibonyeza, kwa sababu mikono yake imejaa na kiwiko hakichagui.

Aliibonyeza. Zikalia zile mbili. Kisha, bila haraka yoyote, moja ikapanda nusu hatua, nyingine ikashuka nusu hatua, na barazani pakatulia.

Nilifungua mlango. Mama Sefiel alikuwa akikitazama kitufe, ndoo ya maziwa kiunoni.

“Mwalimu, mmeitengeneza kengele?”

“Hapana.”

“Mbona leo imemaliza?”

Nilifikiria majibu kadhaa, yote ya kisayansi.

“Bonyeza tena,” nikamwambia.

Akabonyeza, na safari hii niliingia na besi.